Kisu cha Sakai na Kinoo Chake

Leo mazungumzo yetu ni kuhusu kisu cha mpishi kinachofuliwa Japani kwa chuma cha kaboni, kile ambacho wapishi wa mahotelini wanakisifia na watu wa majumbani nao wameanza kukiulizia. Niseme mapema ninakoelekea, nisikuweke roho juu hadi mwisho. Ukiwa na fedha ya kununua kimoja tu, ama kisu hicho ama kinoo kizuri cha maji, nunua kinoo. Kisu kitafuata baadaye. Kueleza kwa nini nasema hivyo kutatupeleka Sakai, kutatusimamisha mbele ya tanuri la mhunzi, na kwanza kabisa kutatuingiza ndani ya kitunguu.

Kitunguu kizima hakimlizi mtu. Ndani ya seli zake kuna viambato vyenye salfa, na pembeni yake, katika seli hizo hizo, kuna vimeng'enya. Hivi viwili vimetengwa, havikutani mpaka seli ipasuke. Vikikutana ndipo hutoka ile hewa inayochoma macho. Mwaka 2002 watafiti wa kampuni ya vyakula ya Kijapani, House Foods, walieleza katika jarida la Nature kimeng'enya mahususi kinachofanya kazi hiyo. Sasa fikiria kisu kinavyopita. Kisu kikali hupasua seli zilizo kwenye njia yake tu. Kisu butu hukandamiza kabla ya kukata, na seli nyingi za kulia na kushoto hupondeka bila sababu. Aliyewahi kukata vitunguu vya pilau ya harusi kwa kisu cha kuazima ananielewa: ubao unalowa, macho hayafunguki, na vile vitunguu vyenyewe huingia kwenye mafuta vikiwa vimeshaanza kuchuruzika maji, vinachemka badala ya kukaangika.

Samaki naye ni vivyo hivyo. Mnofu wa jodari ukikatwa kwa kisu kikali, uso wake hutoka laini, unang'aa. Ukikatwa kwa kisu butu, nyuzi zake huchanika na utamu wake humwagika ubaoni. Mtu anayemla samaki huyo akiwa mbichi, kama wanavyomla Wajapani, ulimi wake hauhitaji kuambiwa. Ndiyo maana mimi nahesabu makali kuwa kiungo cha mapishi, na napata uchungu kuona jiko limejaa sufuria za kila saizi, viungo vya kila namna, halafu kisu kimoja kinachosuguliwa kwenye kitako cha bilauri siku ya sikukuu.

Haya, twende Sakai. Ni mji wa bandari, kusini mwa jiji la Osaka. Katika karne ya 5 palijengwa hapo makaburi makubwa ya watawala, vilima vya udongo vilivyozungushiwa mahandaki ya maji, na kubwa kuliko yote, lile linalohusishwa na Mfalme Nintoku, lina urefu wa karibu nusu kilomita. Udongo wote ule ulichimbwa kwa mikono, na wenyeji wa Sakai huanzia hapo kusimulia asili ya wahunzi wao: waliokuja kutengeneza zana za kuchimbia. Wareno walipofika Japani mwaka 1543 wakiwa na bunduki, Sakai ikawa miongoni mwa miji iliyojifunza kuzitengeneza. Tumbaku nayo ikaingia katika karne hiyo hiyo. Majani yake yalikatwa nyembamba mno kabla ya kuvutwa, na kazi hiyo ilitaka kisu cha peke yake. Visu vya tumbaku vya Sakai vikasifika hadi serikali ya ukoo wa Tokugawa ikaviwekea muhuri wa kuthibitisha ubora.

Lakini kisu ninachokizungumzia leo, kinachoitwa gyuto, ni mtoto wa juzi. Wajapani walikuwa na makatazo ya kula nyama tangu amri ya mfalme ya mwaka 675, na kisu chao kikuu kilikuwa cha samaki au cha mboga. Mwaka 1872 habari zikaenea kwamba Mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe. Miaka minne baadaye, 1876, serikali ikapiga marufuku watu kutembea na panga kiunoni, isipokuwa askari na polisi. Kwa hiyo katika muda mfupi sana jiko la Japani lilianza kutafuta kisu cha nyama chenye umbo la kile cha wapishi wa Ufaransa, na wahunzi wa panga walipoteza wateja wao. Wengi wao waligeukia visu, mikasi na zana za kilimo. Gyuto ikazaliwa katika zama hizo: ubapa mrefu wenye ncha, makali yaliyopinda kidogo, yamenolewa pande zote mbili. Ile ya nyumbani huwa na urefu wa milimita 210, ya hotelini 240 au zaidi.

Sasa sikiliza jinsi Sakai wanavyogawana kazi, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mhunzi hufua chuma, hukipa umbo, hukipitisha motoni na kukizima. Kisha anakiachia. Kisu kinatoka karakana yake kikiwa cheusi na kinene, na hakiwezi kukata hata nyanya mbivu. Kinabebwa hadi karakana nyingine, kwa mnoaji. Huyu ni fundi kamili, amejifunza miaka na miaka kunoa peke yake. Hukinyoosha kwa nyundo kama kimepinda, hukipunguza unene kwenye gurudumu kubwa linalomwagiwa maji muda wote, hubadilisha mawe kutoka la punje kubwa hadi la punje laini, mpaka makali yatokee. Mtu wa tatu hutia mpini: huupasha moto mkia wa kisu na kuupigilia ndani ya mti mwepesi wa magnolia, ambao shingo yake imevishwa pembe ya nyati wa majini. Mpini ukichoka, hung'olewa na kuwekwa mwingine.

Fikiria maana ya mgawanyo huo. Watu waliobobea kuliko wote katika kazi hii waliamua kwamba kutengeneza kisu ni taaluma moja, na kukitia makali ni taaluma nyingine iliyo sawa nayo kwa heshima. Jina lililochongwa kwenye ubapa ndilo tunalolinunua. Mnoaji mara nyingi hatajwi. Lakini siku kisu kinapoingia nyumbani kwako, kazi ya mhunzi imekwisha kabisa, haitarudiwa tena. Kazi ya mnoaji ndiyo kwanza inaanza, na mnoaji wake kuanzia siku hiyo ni wewe.

Tukitazame chuma chenyewe. Kwa visu vingi vya aina hii chuma hutoka Yasugi, katika mkoa wa Shimane, eneo ambalo kwa karne nyingi liliyeyusha mchanga wenye chuma kwa makaa ya kuni ndani ya tanuri za udongo ziitwazo tatara. Tatara moja ilifufuliwa Okuizumo mwaka 1977 kwa ajili ya panga za jadi. Chuma cha visu vya kawaida sasa hutoka kiwandani, kilichokuwa cha Hitachi Metals na ambacho tangu 2023 jina lake ni Proterial, na hutambulishwa kwa rangi ya karatasi iliyobandikwa: nyeupe, buluu, manjano. Karatasi nyeupe namba 2 ina kaboni kati ya asilimia 1.05 na 1.15. Hiyo ni nyingi. Nondo ya ujenzi haifiki hata nusu asilimia. Zaidi ya kaboni hiyo hakuna kilichoongezwa cha maana, na uchafu wa fosforasi na salfa umepunguzwa sana. Karatasi ya buluu imeongezwa kromi kidogo na tungsteni, makali yake hudumu zaidi, lakini hunoleka kwa taabu kidogo. Anayeanza mimi namshauri nyeupe namba 2.

Ukipasha chuma hicho moto hadi karibu nyuzi 800 za sentigredi, kaboni iliyokuwa imejikusanya huyeyuka na kusambaa ndani ya chuma. Ukikiacha kipoe polepole, kaboni hujikusanya tena na chuma kinabaki laini. Ukikitumbukiza majini ghafla, kaboni hainusuriki. Inanaswa pale pale ilipo, mpangilio mzima wa chuma unakazana, na unapata ugumu usiopatikana kwa njia nyingine. Wako wahunzi wanaoitia giza karakana yao kabla ya hatua hiyo, ili waisome rangi ya chuma bila kudanganywa na mwanga wa mchana. Joto likizidi, chembe za chuma hukua na kisu huwa dhaifu. Likipungua, ugumu haupatikani. Baada ya maji, kisu hupashwa tena kwa joto dogo, chini kidogo ya nyuzi 200, ili kipunguziwe ukavu kisije kikakatika mikononi. Kwenye kipimo cha Rockwell kisu hicho husoma 60 hadi 63. Kisu cha Kijerumani cha hotelini husoma 55 hadi 58.

Kwa kuwa chuma kigumu hivyo huvunjika kirahisi, mafundi wengi hawafui kisu kizima kwacho. Huweka chuma kigumu katikati, na pande mbili wakakivisha chuma laini, vyote vikaunganishwa kwa moto na nyundo. Katikati kunakata, kando kunabeba mshtuko. Huko Echizen, katika mkoa wa Fukui, wana ufundi wa kupendeza kuutazama: wahunzi hulaza visu viwili kimoja juu ya kingine na kuvifua pamoja, ili vipoe taratibu na vipungue unene sawasawa.

Nasikitika kwamba chuma chenye kaboni hutajwa siku hizi utadhani ni elimu ya mbali isiyotuhusu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science utafiti wao wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Walieleza kwamba wahunzi wa huko walitengeneza chuma chenye kaboni kwa makaa, kwa tanuri ambazo mifereji yake ya udongo iliipasha hewa kabla haijafika motoni, na kwamba kazi hiyo ilianza miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wazee wa Kihaya ndio waliowajengea tanuri hizo upya na kuwaonyesha. Hilo ningependa tulifahamu kabla hatujazishangaa nyundo za Sakai.

Turudi kwenye kisu. Kinachokipa thamani ndicho hicho hicho kinachokipa taabu. Chuma kisichoshika kutu, kile cha visu vingi tunavyouziwa, kina kromi isiyopungua karibu asilimia 10.5. Kromi hutanda juu ya chuma utando mwembamba usioonekana, na utando huo huzuia kutu. Lakini kromi nyingi ikikutana na kaboni hujenga ndani ya chuma punje ngumu, kubwa kubwa, na kinoo hupata kazi kuzikata. Karatasi nyeupe haina punje hizo. Jiwe hukichukua chuma hicho kwa urahisi, makali yanashuka hadi wembamba unaostaajabisha, na mtu wa kawaida, kwa jiwe la kawaida, anaweza kuyarudisha kwa dakika kumi. Gharama yake ni kutu. Hakuna utando wa kulinda, na maji yakikaa yanakula.

Wiki za mwanzo zinahitaji uangalifu zaidi. Kisu kipya hung'aa. Ukikatia vitunguu au nyama, baada ya muda mfupi utaona kivuli cha kijivu, cha buluu, pengine cha zambarau. Wengi huogopa wakakisugua kwa steelwaya, na hapo wanaondoa kinga iliyokuwa ikijijenga. Kivuli hicho ni oksidi nyeusi. Kikitanda vizuri hupunguza kasi ya kutu nyekundu. Kabichi au kitunguu cheupe kinaweza kuingia rangi na harufu ya chuma siku hizo za mwanzo. Tabia hiyo hufifia kadiri kisu kinavyokolea weusi. Kutu nyekundu ni jambo jingine, hiyo iondoe mara uionapo: majivu laini yaliyochekechwa, matone machache ya maji, kitambaa, usugue kuelekea urefu wa kisu na vidole viwe mbali na makali.

Kanuni ya kila siku ni moja: futa. Weka kitambaa chenye unyevu kando ya ubao. Ukimaliza nyanya, ndimu, ukwaju au embe bichi, futa kabla hujaenda kutazama chungu. Kazi ikiisha, osha kwa maji na sabuni, kausha mara moja, usikiache kwenye beseni la vyombo. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja ana adui wa ziada, hewa ya bahari yenye chumvi, naye namshauri apake mafuta kidogo kisu kisipotumika kwa siku kadhaa. Wajapani hutumia mafuta ya mbegu za kamelia. Mafuta ya nazi yakipakwa kwa wembamba hufaa. Ya alizeti yakikaa hunata, tena ni taabu kuyatoa.

Na kiwekee mipaka ya kazi. Mifupa, nazi, nyama iliyoganda na kiazi kikuu kigumu ambacho mtu hukipasua kwa kukipindapinda kisu, vyote hivyo si vyake. Makali yake yamenolewa kwa pembe ya nyuzi 15 hivi kila upande, au chini ya hapo, na chuma chake hakipindi. Kikishindwa, hubanduka kipande. Panga lina kazi yake jikoni kwetu, liachwe na kazi hiyo. Ubao uwe wa mti. Sahani, marumaru na kioo huyamaliza makali kwa mara chache tu. Usikwangue vilivyokatwa kwa upande wa makali ukivipeleka kwenye sufuria. Kigeuze kisu, ukwangue kwa mgongo.

Nafika kwenye kinoo, na hapa naomba subira yako kidogo. Vinoo vya maji hutajwa kwa namba za ukubwa wa punje. Chini ya 400 ni vya kurekebisha kisu kilichobanduka au kilichokuwa butu kupita kiasi. Namba 1000 ni cha kazi ya kawaida. Kuanzia 3000 hadi 6000 ni vya kulainisha. Yako mawe ya asili kutoka milima ya karibu na Kyoto yanayotafutwa kwa bei kubwa, lakini nyumbani hayahitajiki. Kimoja cha 1000 kinatosha kabisa kuanzia, na hakibagui: kitanoa pia kile kisu cha bei ndogo ulicho nacho sasa. Ndiyo sababu nilisema kinunuliwe kwanza. Kisu cha kawaida kilichonolewa vizuri kitakishinda kisu cha Sakai kilichofanya kazi miezi mingi bila kuguswa jiweni, na mikono yako itakuwa imejifunza kwa chuma kisichokuuma mfukoni.

Loweka jiwe majini mpaka viputo vikome, isipokuwa kama mtengenezaji amesema ni la kumwagia tu. Liweke juu ya kitambaa chenye unyevu lisiteleze. Laza kisu, kisha inua mgongo wake. Kwa kisu chenye upana wa sentimita nne na nusu, uinue kama sentimita moja na kidogo. Hapo uko karibu na nyuzi 13 hadi 15. Kipimo hicho ukishike hivyo hivyo, maana kuyumba kwa mkono ndiko kunakoharibu kazi ya wengi, wala haihitajiki nguvu. Vidole viwili au vitatu vya mkono wa pili viegemee juu ya ubapa, karibu na makali, na sukuma na kurudisha, kipande kwa kipande, kutoka kisiginoni hadi nchani. Maji yakichanganyika na vumbi la jiwe na kuwa tope, usilioshe. Tope hilo linakusaidia kunoa.

Utajuaje upande mmoja umetosha? Pitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, upande wa pili, kamwe usipitishe kando ya makali yenyewe. Utahisi mkwaruzo, ukingo mdogo wa chuma uliogeukia huko. Ukiuhisi kwa urefu wote wa kisu, kutoka kisiginoni hadi nchani, basi pande mbili zimekutana. Kama huupati sehemu fulani, hapo bado. Wengi hukata tamaa na kuhamia jiwe laini kabla ukingo haujatokea, halafu husema kisu hakinoleki. Ukiupata, geuza kisu, fanya upande wa pili, kisha punguza nguvu kidogo kidogo, ukibadilisha pande, mpaka ule ukingo ukatike. Malizia kwa kukiburuta kinyumenyume juu ya gazeti lililolazwa jiweni. Kijaribu kwa nyanya: kikizama kwenye ganda kwa uzito wake tu, kazi imefanyika.

Jiwe lenyewe huliwa katikati. Likiingia bonde, huwezi tena kushika pembe moja, kwa hiyo lisawazishe mara kwa mara kwa msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene au kigae kilichonyooka. Ile fimbo ya chuma yenye mistari, ambayo wachinjaji na wapishi huchezesha kisu juu yake, usiitumie kwa kisu hiki. Imekusudiwa chuma laini kinachopinda, inakinyoosha. Hiki hakipindi, kitabanduka.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, ndivyo wahenga walivyotuachia. Lakini je, kila jiko linakihitaji kisu cha namna hii? Sidhani. Nyumba ambayo kisu hupita mikononi mwa watu sita na kulala kwenye beseni la vyombo, itakiua kabla ya mwaka kuisha, na kosa halitakuwa la mtu yeyote; hawakukubaliana kukitunza. Nyumba hiyo inunue kisu kisichoshika kutu, na kinoo. Vipo pia vile ambavyo chuma cha kaboni kimewekwa katikati na pande zikavishwa chuma kisichoshika kutu, na hivyo ni suluhu nzuri: unabaki na mstari mwembamba tu wa kufuta. Kwa mpishi wa hotelini anayekata samaki na mboga kwa saa nyingi, gyuto ya kaboni inampunguzia uchovu wa kiganja, kwa kuwa ni nyepesi na haimdai nguvu. Awe nayo ya kazi hiyo, na kingine cha ndimu na cha kuchambulia mbuzi. Bei ya gyuto ya Sakai iliyofuliwa kwa mkono ni kubwa, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza mambo matatu: ni karatasi ipi na namba ngapi, pande zimevishwa chuma gani, na kama wewe ni wa mkono wa kushoto, makali yamenolewa sawa pande zote mbili au yameegemea upande wa kulia. Muuzaji asiyejua majibu hayo, mwachie kisu chake.

Limebaki jambo moja, nalo linatuhusu sana. Mitaani kwetu wako mafundi wa kunoa, wengine wana gurudumu lililofungwa kwenye baiskeli, wengine wana mashine ya umeme. Nawaheshimu, wamezinoa panga na mikasi ya nchi hii kwa miaka. Lakini kisu cha chuma cha kaboni usikipeleke kwenye gurudumu kavu. Tumesema mhunzi alikipasha mara ya mwisho kwa joto chini ya nyuzi 200. Cheche zikiruka, makali membamba hupita joto hilo kwa sekunde chache, na ugumu wote uliotafutwa kwa moto na maji unapotea pale unapokatia. Hutauona mara moja. Kitatoka kikikata vizuri, kisha baada ya siku mbili kitakuwa butu, na kila ukikinoa kitarudia hivyo hivyo mpaka chuma kilichoungua kiliwe chote na jiwe.

Ndugu zangu mafundi mnaonisikiliza, ombi langu kwenu ni hili. Ongezeni kwenye baiskeli zenu kinoo kimoja cha maji cha 1000, kidumu cha maji na ubao wa kukilazia. Kazi itakwenda polepole, nayo itozeni bei yake. Mikahawa na mahoteli ya pwani yana visu vizuri vilivyokosa mtu wa kuvinoa. Na wewe msikilizaji, ukimpata fundi wa namna hiyo mtaani kwako, mpe kwanza kisu chako cha kila siku akinoe jiweni, nenda ukakijaribu kwa nyanya. Akifaulu, mpelekee na kile cha Sakai.